Barua ya Bwana N. Muthama

Shangazi yangu Ndila alialikwa kwenda kusoma Ujerumani Magharibi mwaka wa 1979, na barua ya mwaliko ilimwita bwana. Barua hiyo nimeishika kwa mikono yangu. Ni karatasi nzito yenye muhuri wa chuo kikuu, na mstari wa kwanza unasema: "Mpendwa Bwana N. Muthama."

Wakati huo alikuwa msaidizi wa mifugo huko Mutomo. Hakuwa ameolewa, na alizunguka vijijini kwa baiskeli, sanduku la chanjo likiwa limefungwa nyuma. Watu walimwita Daktari wa Mbuzi, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa sababu hawakuwa na mwingine.

Miaka mitatu kabla ya barua hiyo, mbuzi wa Mutomo walianza kukohoa. Mbuzi akikohoa Jumatatu, Jumamosi amelala chini, na zizi zima linamfuata. Ofisi ilileta dawa, nayo haikufua dafu. Ndila alichukua daftari la shule akaanza kuandika boma baada ya boma: nani amepoteza wangapi, mbuzi gani alikohoa kwanza, alinunuliwa wapi, aliingia zizini siku gani. Alipomaliza miezi minane aliona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema. Ugonjwa haukuletwa na upepo wala maji ya kisima, kama watu walivyodhani. Uliingia na mbuzi mgeni kutoka sokoni, mbuzi mnono asiye na dalili yoyote, na kabla ya mwezi kuisha kikohozi kilikuwa kimeanza.

Akapita akiwaambia wafugaji wawatenge mbuzi wapya kwa mwezi mzima. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa maji ya kunywa, halafu wakaendelea kama kawaida. Mtu mmoja tu ndiye aliyekubali. Aliitwa Ahmednur, mchuuzi wa mifugo aliyetoka upande wa Garissa akafungua duka pale Mutomo.

"Dada, mimi naingiza mbuzi wageni kila wiki," alimwambia. "Ukweli ukiwa huo, mimi ndiye nitakufa kwanza. Nionyeshe mahali pa kujenga."

Walijenga zizi la pili ng'ambo ya mto mkavu. Mara mbili kikohozi kilitokea humo, na mara mbili kikaishia humo humo. Katika zizi kubwa hakufa hata mbuzi mmoja mwaka mzima, wakati majirani walikuwa wakichimba mashimo. Ndila aliandika yote.

Basi akatamani kusoma zaidi. Aliomba nafasi mara mbili kupitia kwa mkubwa wake wa kazi, Bwana Mwangangi, na mara zote mbili jibu lilikuwa moja.

"Kozi ndefu tunapeleka wanaume," Mwangangi alisema. "Wewe kesho utaolewa, na serikali itakuwa imesomesha jiko la mtu."

Ndila hakubishana naye. Lakini siku moja aliona tangazo katika gazeti la mifugo pale ofisini. Chuo kikuu kimoja cha Ujerumani kilikuwa kinatafuta wanafunzi wa magonjwa ya mifugo kutoka nchi kame, na kingegharamia kila kitu, ndege ikiwemo. Alikwenda nyumbani akaketi kwenye meza ya mamake, Kalunde, akanakili lile daftari kwa mwandiko safi, kurasa arubaini. Kwenye barua ya maombi akatia sahihi: N. Muthama.

Kalunde hakuwa msomi, lakini jina la mtoto wake alilifahamu kwa macho. "Mbona umelikata jina?" aliuliza.

"Mwaitu, nataka wasome habari za mbuzi kwanza," Ndila alimjibu mamake. "Mimi watanijua baadaye."

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, na masomo yalikuwa yaanze tarehe mosi Oktoba. Jumapili mchungaji aliisoma barua kanisani. Alipofika kwenye neno "Bwana" akakohoa kidogo, akaliruka, akaendelea. Watu waliimba mpaka vumbi likapanda.

Tarehe kumi Septemba, pasipoti yake mpya ikiwa mkobani, Ndila aliingia ubalozini Nairobi kuomba viza. Karani aliyempokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, jina lake Bi. Mumbua, Mkamba mwenzake kutoka Mukuyuni. Aliisoma barua, akafungua pasipoti, akairudia barua.

"Huyu Bwana Muthama ni mume wako?"

"Ni mimi."

"Pasipoti inasema mwanamke. Barua inasema mwanamume, hata bweni ulilopewa ni la wanaume." Bi. Mumbua aliziweka karatasi mbili kando kwa kando. "Nikiipeleka ndani hivi, watasema umeokota barua ya mtu."

"Sasa nifanye nini?"

"Chuo kiandike upya, na barua ije kwetu moja kwa moja."

Ndila alipiga hesabu ya siku. Barua ya ndege ilichukua karibu wiki mbili kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Bi. Mumbua alimtazama, kisha akaacha Kiswahili akasema naye kwa Kikamba, polepole. Alimwambia apeleke telegramu leo hii, na aseme ukweli wote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu akianza kuzungukazunguka watamshuku. Ndila alimwachia namba ya simu ya duka la Ahmednur, akatoka.

Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hapo posta ndipo alipoogopa kweli. Fomu ya telegramu ilikuwa mbele yake, tupu. Je, ikiwa hao nao walitaka mwanamume? Je, ikiwa kule nako kulikuwa na Mwangangi wao? Mwisho aliandika kwa Kiingereza maneno ambayo maana yake ni hii: "N. MUTHAMA NI MWANAMKE. JINA NDILA. MBUZI NI WALE WALE. TAFADHALI ANDIKIENI UBALOZI NAIROBI."

Akarudi Mutomo, akapanda baiskeli, akaendelea kuchanja. Siku zilikwenda. Mwangangi alisikia habari akamwambia kwamba mambo ya mkato huwa na mwisho wake. Kalunde alifunga na kuomba siku tatu. Ahmednur naye aliwakataza wateja kugusa simu ya duka. Mtu akiomba kupiga, anajibiwa, "Simu ina kazi. Inangoja Ujerumani."

Tarehe ishirini na moja ilikuwa siku ya mnada. Ndila alikuwa katikati ya mbuzi, amefungua mdomo wa mmoja anatazama ufizi, alipomwona Ahmednur anakuja. Alikuwa mtu mnene asiye na haraka maishani, lakini siku hiyo alikuwa anatembea kama anayefukuzwa, na mkononi ameshika karatasi ya kufungia sukari.

"Dada Ndila, yule mama wa ubalozini amepiga," alisema, akihema. "Chuo kimejibu kwa teleksi. Amenisomea kwa Kiswahili, nami nimeandika."

"Soma, mzee wangu. Mikono yangu ni michafu."

Ahmednur akasoma kwa sauti, hata wauzaji wakanyamaza. "Tunathibitisha kwamba Bi. Ndila Muthama ni mwanafunzi wetu. Nafasi hii ilitolewa kwa sababu ya daftari lake, na daftari halijabadilika. Bweni tumebadilisha. Tunaomba radhi kwa kumwita bwana bila kumuuliza."

Wanawake waliokuwa wakiuza uji ndio waliotangulia kupiga vigelegele, na mnada wote ukasimama. Ndila alibaki amemshika yule mbuzi, machozi yakimtoka, hawezi kuyafuta. Mzee mmoja aitwaye Mulei, ambaye alikuwa amepuuza ushauri wake tangu mwanzo, alisogea akamsalimia, kisha akamwonyesha beberu aliyemnunua asubuhi ile.

"Huyu nimtenge siku ngapi?" aliuliza.

"Thelathini, mzee."

"Basi njoo uone mahali kabla hujaondoka."

Alikwenda akaona. Baada ya siku nne viza ilikuwa imepigwa ndani ya pasipoti, na Bwana Mwangangi akatia sahihi ruhusa ya masomo bila kuinua kichwa. Kalunde alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, amevaa viatu vya kanisani.

Wiki ya kwanza kule, profesa aliyesoma zile kurasa arubaini alimsimamisha mbele ya darasa akamwomba awaeleze wenzake habari za Mutomo. Ndila alichora ramani ubaoni: mto, kisima, soko, boma moja moja. Alizungumza kwa Kiingereza kwa muda wa saa mbili, mtu mwingine akitafsiri kwa Kijerumani. Alipomaliza, wanafunzi waligonga meza kwa vifundo vya vidole. Alidhani wamemkasirikia, mpaka jirani yake alipomwambia kwamba huko, hivyo ndivyo watu wanavyopiga makofi.