Kilio Kilichotujazia Kanisa

Kanisa letu la Methodisti hapo Barani sasa lina kuta za mawe na kwaya mbili zisizosemezana. Lilianza sebuleni kwa mama, baba yetu alipofariki, viti vikiisha watu wanakalia ndoo. Siku moja mchungaji msimamizi akatuma neno kutoka mjini: Jumapili anakuja, na akiona hatukui, atalifunga kanisa turudi kuabudu kwao mjini. Mama hakula siku hiyo. Kanisa lile ndilo lililokuwa likimwamsha asubuhi.

Jumamosi akaazima viti vingi na turubai la kufunga uani, kanisa lionekane kubwa. Balaa likaanzia hapo, maana turubai lile ni la chama cha mazishi, na mtaani halifungwi ila kwa matanga. Binamu yangu mmoja, mdomo wake Mungu anaujua, akapita, akaona turubai, akaona masufuria, akakumbuka nyanya alikuwa anaumwa kifua. Habari kwamba nyanya kafa ikafika Vitengeni kwa jamaa zetu. Na kwetu hupigi simu kuuliza kama mtu kafa kweli, utaambiwa unachuria, unamwita mtu kifo. Unabeba unga, unapanda lori, unakwenda kulia.

Jumapili mchungaji kasimama, mbele yake sisi wachache na viti vitupu, mara tukasikia, "Hawe! Hawe wee!" Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Lori zima la jamaa, wanawake leso viunoni, machozi tiririri. Shangazi akajitupa chini, miguuni pa nyanya mwenyewe, aliyekuwa pembeni anatafuna tambuu. Nyanya hakuwa muumini. Alikuja kulinda masufuria.

"Unamlilia nani?" akauliza.

Shangazi akainua uso, kilio kikakatika. Lo! Nilicheka mbavu zikaniuma, na mama akajifunika uso kwa aibu.

Nyanya akasimama. "Mmekuja kunizika, sivyo? Basi ketini. Atakayeondoka kabla ya ibada kwisha, siku nikifa asikanyage hapa."

Wakaketi wote, unga mapajani, wakaimba wasichokijua.

Mwishowe mchungaji, aliyekuwa hajui acheke au aombe, akasema, "Wageni nimewaona. Lakini wa hapa hapa, yuko hata mmoja mpya anayetaka kuandikwa?"

Mama hakuthubutu kuinua macho.

"Niandike mimi," nyanya akasema. "Nimeshaliliwa, nangoja nini tena?"

Miaka yote mama alikuwa akimbembeleza bure. Sasa akalia yeye, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.