Neno Nililolikata kwenye Barua ya Fundi Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa. Fundi Mkuu, mzee aliyekuwa akiendesha mashine ya kuchapia, aliniambia nifute kioo cha skana mpaka nione meno yangu.

"Umeyaona?"

"Nimeyaona, mzee."

"Futa tena. Hayo meno bado si meupe."

Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, sina mtoto, nacheka na kila mtu. Sasa nina miaka ishirini na nane, nina mtoto, na kazi ile nimeiacha. Najua watu huandika kumbukumbu za kazi wakishaota mvi. Mimi naandika mapema kwa sababu bado nina hasira, na hasira ikiisha nitaanza kupamba mambo.

Karakana yetu ilikuwa Kongowe, hii ya Kibaha, siyo ile ya Dar. Kazi ilikuwa kuchukua michoro na barua za mchoraji mmoja maarufu, marehemu, ambaye watu wote walimjua kwa jina la Fundi Rangi, na kuzigeuza kuwa bahasha, kadi, majalada ya daftari na karatasi za kufungia zawadi. Mikorosho yake ya zambarau na kuku wake wenye macho ya watu viliuzika bila kupigiwa debe. Mjane wake, anayeishi Maneromango, ndiye aliyetupatia vitu hivyo. Barua alizileta ndani ya kopo la biskuti. Yeye hajui kusoma, na kila karatasi mpya ilipotoka Meneja alimpelekea sampuli aiangalie na kuweka dole gumba.

Mwaka wa kwanza nilikaa meza ya kukunja. Bahasha haikunjwi kwa kidole, kidole kinaacha jasho. Unatumia kipande cha plastiki kama kisu butu, unakipitisha mara moja tu. Ukirudia, karatasi inang'aa pale ulipopitisha na mteja anaona. Mwaka wa pili nikapelekwa skana. Huko nilifundishwa kupiga barua picha na kuisafisha kwenye kompyuta: doa la chai, alama ya mkunjo, kutu ya pini. Vyote hivyo tuliviita uchafu.

Baadaye Meneja akanipa kazi ya mrudio, na hapo ndipo nilipojiona fundi. Karatasi ya zawadi huwa ni mchoro mdogo mmoja unaojirudia. Upande wa kulia lazima ukutane na wa kushoto, juu na chini vilevile, jicho lisione kiungo. Kinachojitokeza nje unakikata. Meneja alipita nyuma ya viti vyetu akisema maneno yaleyale kila wiki.

"Msisome. Mtu akianza kusoma mkono unalegea. Angalieni mwandiko kama mnavyoangalia majani."

Nikatii. Hilo nalisema wazi, nilitii na nikasifiwa.

Kwenye kopo lile kulikuwa na barua nyingi za kawaida na moja iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Fundi Rangi alimwandikia mama yake kwa herufi hizo kwa kuwa mama alisoma chuo cha Kurani tu, hakuwahi kuingia shule; mama alipofariki barua ikarudi kwa mwanawe. Kiswahili kitupu, ila kwa herufi za chuoni. Mimi pia nilipita madrasa nikiwa mdogo. Ningekaa nayo nusu saa ningeisoma. Sikukaa nayo. Niliona mistari inapanda na kushuka vizuri, nikaigeuza rangi ya waridi, nikatawanya vifaranga vyake katikati. Mwisho wa mstari mmoja kulikuwa na neno lililoning'inia peke yake pembeni, linaharibu kiungo. Nikalikata. Meneja akasema, "Hii tunaiweka kwenye zawadi za watoto wachanga." Mjane akaonyeshwa, akasema nzuri, akaweka dole.

Mimba yangu ilikuwa kubwa wakati huo. Nikajifungua, nikaenda kulelewa uzazi kwa bibi yangu Vihingo. Siku ya arobaini wenzangu wa karakana wakaja kutoka Kongowe, vumbi mpaka kwenye nyusi, na zawadi tano zimefungwa kwa karatasi yangu mwenyewe. Nilifurahi jamani. Nikashika kona ili niichane.

"Acha!" Bibi akanishika mkono. "Unachana herufi hizo? Una wazimu?"

Kwa wazee wa kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haichanwi wala haikanyagwi. Ikidondoka unaiokota na kuiweka juu, huenda ina neno la Mungu.

"Ni urembo tu, bibi," nikasema.

"Urembo! Haya, leta kisu."

Akazifungua zote tano kwa ncha ya kisu, taratibu, bila kuacha mchaniko. Wenzangu wakawa wanacheka. Mmoja akamwambia, "Bibi, mpaka ufike kwenye nepi mtoto ameshaolewa." Bibi akacheka pia, akakunjua karatasi magotini akaanza kusoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu.

"Mama yangu mpenzi, shikamoo. Nakuarifu kwamba mtoto tuliyempata amefariki siku ya tano. Mke wangu hana fahamu, yuko hospitali, hajui. Nimemzika mwenyewe. Nimemwita." Bibi akasogeza karatasi, akatafuta. "Nimemwita... hapa pamekatika. Usichukie mama, wa pili atachukua jina lako."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanangu Nasra alikuwa mapajani pangu amevaa kofia mpya, na kando yake karatasi tano za waridi zinasema mtoto amezikwa. Nilizitengeneza mimi. Bibi akaniuliza, "Mama wa mtoto huyu aliyezikwa yu hai?"

"Yupo Maneromango."

"Basi unakaa nini?"

Nilikwenda wiki iliyofuata, mtoto mgongoni, kwa bodaboda, barabara mnaijua. Nilimkuta mjane anamenya mihogo. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu, na karatasi nikaiweka mbele yake. Nilitegemea atanitukana. Alifuta mikono kwenye khanga kwa muda mrefu.

"Nilipopata fahamu, mtoto amekwisha zikwa," akasema. "Nikamuuliza mume wangu, ulimwita nani? Akatoka nje. Nikauliza tena mwaka uliofuata, akatoka nje. Sikuuliza tena. Nikajua amemzika hivihivi tu, kama paka. Nimeishi naye na kitu hicho mpaka amekufa." Akaigusa karatasi. "Sasa jina liko wapi?"

"Nililikata, mama. Lilikuwa limetokeza pembeni."

"Ulilikata ukaliweka wapi?"

Nikamwambia barua yenyewe bado ni nzima, ipo Kongowe, ndani ya kopo, kwenye kabati la Meneja.

"Kailete," akasema. Akarudi kwenye mihogo yake.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nikaingia ofisini kwa Meneja kabla sijakaa kwenye kiti changu. Nikamweleza. Alisikiliza, sitamsingizia, alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole," akasema. "Lakini mwenyewe aliweka dole kwenye sampuli."

"Hakuambiwa imeandikwa nini."

"Hata sisi hatukujua. Na watu hawasomi karatasi ya zawadi, Mama Nasra. Wanaichana."

"Vihingo hawakuichana."

"Vihingo!" Akacheka. "Vihingo si wateja wetu. Sikiliza, karatasi hii inatoka kuliko zote. Siwezi kuisimamisha."

"Isimamishe au usiisimamishe. Mimi naomba barua."

"Barua asilia haitoki hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Fundi Mkuu akaingia akipangusa mikono mafuta. Alikuwa amesikia, kuta zetu zilikuwa mbao nyembamba. Akachukua daftari la kuazima, lile tulilosaini kila tulipotoa barua kabatini, akalifungua mbele yangu.

"Saini," akasema. "Jina lako, kitu ulichochukua, unayempelekea."

"Fundi!" Meneja akasema.

"Mali ni ya mjane, bosi. Sisi tuliazima kwanza."

Nikasaini. Meneja akanipa barua, akaniangalia usoni. "Ukitoka nayo usirudi."

Basi hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sikuagwa, sikupewa saa ya ukutani. Fundi Mkuu alinisindikiza mpaka mlangoni akasema, "Ile skana sasa nani atanifutia?" Kisha akarudi kwenye mashine yake, maana naye ana watu wanaomtegemea, na simlaumu.

Nilimpitia bibi Vihingo, tukaenda wote Maneromango. Bibi aliisoma barua yote, pole pole, mpaka pale palipokatika kwenye karatasi yangu. Hapo hapakuwa pamekatika. Akalisoma jina. Mjane akasema, "Rudia." Bibi akarudia. Lilikuwa jina la mama wa huyo mjane. Fundi Rangi alimpa mtoto jina la mama mkwe wake badala ya la mama yake mzazi, na ndiyo maana alikuwa anaomba radhi. Mjane alilitamka mara moja kwa sauti ndogo, kisha akatuuliza kama tumekula.

Nyie mnaoingia kazi hii sasa, mna mashine bora kuliko zetu na mtasifiwa haraka. Sina ushauri wa mzee, sina uzee. Nawaambia tu someni kwanza, hata kama bosi amesimama nyuma ya kiti. Mwandiko si majani. Kuna mtu alikaa akaandika, na yupo mwingine anasubiri, hata kama hajui kwamba anasubiri.

Karatasi ile bado inauzwa. Juzi niliiona dukani Kibaha, waridi lilelile, vifaranga vilevile. Nikasimama pale, nikatafuta kiungo changu kwa macho. Nilikifanya vizuri, huwezi kukiona. Watu watainunua, wataichana, wataitupa. Jina halimo. Kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba nililikata, na hapa pia siliandiki.