King'ora Kilichonyamaza Siku Aliyokufa Mama Gati

Vijana, marahaba. Wa umri wangu, habari za siku nyingi. Mwenye ukurasa ameficha jina langu, nami nimebadilisha ya wengine.

Nina miaka sabini na mmoja, mke wangu alishafariki. Naishi Busawe, Serengeti, tangu dhahabu ilipotuondoa kwetu Tarime. Nyumba nilimozaliwa sasa ni shimo la mgodi. Ukitaka kuonyesha ilipokuwa, unanyoosha kidole hewani. Rafiki yangu Marwa, niliyetahiriwa naye siku moja, alibaki kule. Uzio wa mgodi unapita nyuma ya zizi lake.

Binti yangu Bhoke ni fundi wa mtandao katika mgodi huo, ambao sitautaja. Anashughulikia swichi, visanduku vyenye safu za poti, yaani matundu ya kuchomekea nyaya za simu, kamera na ving'ora. Mwezi uliopita aliagizwa azime poti zote zisizotumika, ili mtu asije akachomeka waya wa wizi. Fundi haingii poti moja moja. Anazitaja kwa pamoja, kuanzia hii hadi ile, anaandika amri mara moja na inazishika zote. Bhoke alitazama safu nzima, haikuwa na taa hata moja iliyowaka kuonyesha poti inatumika. Akaizima. Kumbe poti moja ilikuwa ya king'ora cha upande wa kina Marwa, ambacho huwashwa pale tu miamba inapotaka kulipuliwa. Saa ile kilikuwa kimelala, kikaonekana kama tundu tupu.

Kesho yake walilipua. King'ora hakikulia. Mama Gati, mke wa Marwa, alikuwa nje ya uzio akimkatia ndama majani. Jiwe lilimkuta hapo hapo. Mgodi ukatangaza kwamba alikuwa ameingia kuiba mawe ya dhahabu.

Bhoke alikuja Busawe, akakataa hata kukaa.

"Tata, yule mama hakuwa mwizi. King'ora nilikizima mimi."

"Nani mwingine anajua?"

"Bosi. Ameshaiwasha tena ile poti. Anasema nikifungua mdomo, jela nitaingia peke yangu."

Sisi Wakurya, mtu akisababisha kifo, hata kwa bahati mbaya, watu wa nyumba yake hawali chungu kimoja na wafiwa mpaka wazee wawatakase. Wakila, kifo kingine kinafuata. Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini hofu hiyo haijanitoka. Kwa hiyo matangani kwa Marwa kila sahani ilipoletwa nilisema tumbo linanisumbua.

Marwa akanitania mbele ya watu, akiniita mura, yaani kijana: "Wee mura, nyama ya swala ya huko Serengeti imekuharibu mdomo? Ugali wetu hauliki tena?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akanisogelea, akasema polepole: "Au na wewe unaamini mke wangu alikuwa mwizi? Ndiyo maana unakikataa chakula cha nyumba yake?"

Nilinawa, nikakata tonge, nikala naye sahani moja. Alinitazama mpaka nikameza, ndipo akaanza kulia.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Wana wa Marwa wanaulizia kila mahali aliyenyamazisha king'ora ni nani, na hawaulizi kwa upole. Mmoja ameapa kwamba mtu huyo hatafika polisi akiwa hai.

Leo Bhoke amenipigia. "Tata, Jumamosi naenda kwa mzee Marwa kusema yote. Usipokuja, nitaingia mwenyewe."

Nikimzuia, Mama Gati atabaki mwizi kaburini, na Marwa ataendelea kunikaribisha mezani kwake. Nikienda naye, huenda nikarudi Busawe bila mtoto. Wazee wa kutakasa wapo, lakini siwezi kuwaita bila kumtaja aliyekosa.

Ninyi mlio wazazi, na ninyi mliofiwa mkadanganywa, niambieni: nimsindikize binti yangu, au nimpandishe gari la Sirari avuke mpaka aingie Kenya? Jumamosi ni keshokutwa.