Muhuri wa Deheni kwenye Tangi la Petroli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ovaroli iliyoshonwa mifuko ikafungwa kabisa. Nilidhani fundi cherehani amekosea, nikapapasa kutafuta mdomo wa mfuko, hadi Msimamizi wa gereji aliponiambia, "Hakuna mfuko hapo, bwana mdogo. Plagi za hapa zina tabia ya kutembea."

Gereji yetu ilikuwa Changamwe, kando ya barabara ya kwenda bara, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka sekondari, kijana wa Kisauni mwenye haya hata ya kuitikia salamu kwa sauti. Niliyoshindwa kuyasema mchana niliyaandika nyumbani katika shajara. Ya siku ile niliandika: "Msimamizi ananitazama kama mtu aliyepotelewa na kitu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu."

Ninyi mnaojifunza ufundi leo, jueni kwamba siku zile gari lilisikilizwa kabla ya kushikwa. Injini ya silinda nne ikiwa nzima ina mlio wa kufuatana, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Silinda moja isipowaka, pigo moja hukosekana na gari zima hutikisika, tulisema linamisi. Tulichomoa waya wa plagi mmoja mmoja huku injini inanguruma. Ukichomoa waya na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Kisha tuliitazama plagi yenyewe: ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, petroli haifiki, ikiwa imelowa mafuta, pistoni zimechoka. Baada ya hapo platini, yale meno mawili yanayofunga na kufungua umeme, na mwisho kabureta, mahali petroli inapochanganywa na hewa. Msimamizi hakuruhusu mtu kuruka hatua. Ukimwambia umesafisha, alifungua tena akatazama mwenyewe.

Nilikuwa nimeshakuwa fundi wa injini ilipofika ile miaka ya kungojea uhuru. Watu walikuwa wakitazamana kwa pembeni. Wa pwani alimshuku wa bara kwamba anakuja kuchukua, wa bara alimshuku wa pwani kwamba anataka kujitenga. Basi katika hali hiyo akaja Mzee Omari wa Likoni, na gari lake kuukuu la kijivu alilolifanya teksi. Hakujua kuendesha. Dereva wake alikuwa Mutua, mtu wa bara, mpole, mwenye watoto wanne Changamwe.

"Wallahi, huyu ananiibia," Mzee Omari alisema kabla hata ya kuteremka. "Anauza petroli yangu, kisha ananitilia mafuta ya taa. Ndiyo maana gari halina nguvu."

"Mzee, mimi sijaiba," Mutua akasema. "Gari inachoka ikianza kupanda huku Changamwe. Inakohoa, inakufa. Ikipumzika kidogo, inaenda."

"Umesikia? Gari lina mapumziko, kama karani!"

Mzee mwenyewe ndiye aliyelifungua tangi ili tupime petroli. Nikatia matone kiganjani. Yakaruka, yakaacha baridi tupu. Mafuta ya taa yangeacha utelezi. Petroli ilikuwa safi. Tukabadilisha plagi, tukarekebisha platini, gari likaenda kama jipya. Kesho yake likarudi, linakohoa zaidi.

"Plagi ulizotia ni zile nilizokupa?" Msimamizi akaniuliza mbele ya watu.

"Ndiyo, bwana."

"Tutaona." Akazifungua zote nne, akazigeuza-geuza kwenye mwanga. Niliona haya kama niliyevuliwa nguo.

Safari hiyo tukafungua kabureta na pampu ya petroli. Safi. Tukaliwasha: halina ugonjwa. Mzee Omari akamnyooshea Mutua kidole. "Likikohoa tena, silileti gereji. Nakupeleka wewe polisi, na leseni yako itabaki huko huko."

Mutua alinifuata nyuma, kwenye pipa la kunawia. "Na wewe unaniona mwizi?"

Nikamwambia kweli: "Sijui."

Nyumbani sikulala vizuri. Gari linalougua barabarani na kupona gerejini lilinitia shaka, nikaanza kumshuku kila mtu, hata Msimamizi. Asubuhi nikajikaza nikamwambia, "Bwana, nataka kulipanda kutoka linakolala."

"Nenda," akasema. "Lakini spana zako nitazikagua ukitoka, na nitazikagua ukirudi."

Nilipofika Likoni nilimkuta Mzee Omari amechutama nyuma ya gari, kopo mkononi. Aliposikia hatua zangu aliinuka upesi, akalificha kopo ndani ya kanzu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba," akajibu, macho yake kwenye mifuko yangu iliyoshonwa. Mutua akaja, akashika usukani.

Tukavuka feri, tukapita kisiwani bila taabu, tukavuka Makupa. Barabara ilipoanza kupanda, gari likalegea. Nikatega sikio. Haikuwa silinda moja iliyolala; zote zilikosa pigo, mara hii, mara ile, kama watu wanaokula sinia lenye wali kidogo. Plagi haina ugonjwa wa namna hiyo. Hiyo ilikuwa njaa: petroli haifiki. Gari likafa.

Mzee Omari akaruka nje, kisu mkononi. "Haya! Leo shahidi yupo. Njoo unuse!"

Ndipo nilipokiona. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimezungushiwa pamba ya kalafati, ile inayoshindiliwa katikati ya mbao za vyombo vya baharini, na juu yake kimepakwa deheni, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kwao Mzee Omari walikuwa mafundi wa kuziba vyombo, na kazi yao haikuvuja. Katikati ya deheni palikuwa na alama ya pete yake ya akiki. Kila alipotuletea gari aliikwangua kwanza, tusiijue siri yake.

"Muhuri ni mzima, mzee," Mutua akasema. "Sasa petroli nimeitoa na mdomo gani?"

"Hilo utawaambia polisi!"

Akakwangua, akakizungusha kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, pumzi ndefu ya mtu aliyezibwa pua. Nikamgeukia Mutua. "Washa."

Likawaka, likapanda kilima chote bila kukohoa.

Gerejini niliwaeleza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisema maneno mengi mbele ya watu. Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa hukataa kutoka. Lazima hewa iingie upande wa pili. Kifuniko cha tangi kina tundu lake la kupumulia. Mzee alikuwa ameliziba, pampu ikivuta hata ikashindwa.

Msimamizi alicheka hadi akajishika ukuta. Mzee Omari hakucheka. Alitoa kopo lake, akapaka deheni upya, akagandamiza pete. Kisha akaomba sindano, akatoboa muhuri palipo na tundu la kifuniko.

"Sasa linapumua," akasema, "na mimi najua."

Mutua alikitazama kile kitundu. Akaweka ufunguo juu ya boneti, taratibu. "Gari imepona, mzee. Mimi siwezi kupumulia tundu la sindano." Akaondoka kwa miguu, wala hakugeuka.

Ikabidi mimi nimrudishe Mzee Likoni. Njia nzima aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Tulipofika, alikwenda kwanza nyuma ya gari kuutazama muhuri.

Baada ya uhuru nilihamia karakana ya malori Kongowea, nikawa fundi mkuu, kisha msimamizi. Ovaroli za vijana wangu niliamuru ziachwe mifuko wazi. Plagi chache zilitembea, sitawadanganya. Hata mimi, jioni, macho yangu yalikuwa yakienda kwenye mifuko yao bila kutumwa, na niliyarudisha kwa nguvu. Sasa nimestaafu, nakaa Junda, na gari lisilo na nguvu likiletwa mlangoni, kabla ya spana yoyote nafungua tangi na kutega sikio.

Mutua nilionana naye mara moja tu, Kongowea, akiendesha lori la viazi kutoka bara. Alinitambua, akaja, akatia mkono mfukoni mwa ovaroli yangu hadi ukazama kifundoni.

"Kumbe siku hizi mnaaminiwa?"

"Siku hizi," nikamwambia, "msimamizi ni mimi."