Medali Asiyoikumbuka Stanka

Saa mbili asubuhi, Stanka Borilović amepiga goti kwenye sakafu ya gereji ya baba yake hapa Cetinje, Montenegro, anafungua nati za gari la mwalimu mstaafu. Theluji imeshaonekana juu ya mlima Lovćen, na mji mzima unataka kufungiwa matairi ya baridi leo hii hii.

Mwalimu hataki kukaa anywe kahawa yake. Anamwomba amwonyeshe lile teke.

Stanka, mwenye miaka ishirini na sita, anaweka spana chini, anazungusha mguu hadi karibu na kofia ya mzee, kisha anaushusha taratibu. Mzee anapiga makofi. Stanka anarudi kwenye nati zake bila kucheka.

"Nimejifunza kwenye video," anasema baadaye. "Watu wanadhani natania."

Hatanii. Septemba, mjini Skopje, alishinda fainali ya mashindano ya karate ya nchi za Balkani. Mwanzoni mwa pambano ngumi ilimpata kidevuni, akaanguka. Daktari wa ukumbini alimuuliza jina lake na anakotoka. Akajibu sawasawa, akaruhusiwa kuendelea. Sekunde za mwisho likaja hilo teke la kichwa, pointi tatu, dhahabu.

Yeye anakumbuka akifunga mkanda. Kinachofuata ni basi likiwa njiani kurudi nyumbani. Alimgeukia kocha wake, Rajko Vušurović, akamuuliza ametolewa raundi ya ngapi.

"Nilidhani ananichokoza," anasema Rajko. "Medali ilikuwa shingoni mwake."

Tangu hapo hajui azipokee vipi pongezi. Mkahawani wakimwita bingwa, hugeuka nyuma kuona anaitwa nani. Video ya fainali ameitazama mpaka amechoka.

"Yule ni mimi, nywele zangu, kelele zangu. Lakini anachowaza sikijui."

Kinachomchanganya zaidi ni simu. Mama yake, Mileva, anasema Stanka alimpigia kutoka ukumbini akilia kwa furaha, akaahidi kwamba hapigani tena. Stanka hakumbuki hata neno moja.

Jumapili, mama akiwa jikoni anakata jibini na nyama ya moshi, suala hilo liliibuka tena mbele ya mwandishi.

"Uliniahidi mwenyewe, mwanangu."

"Mama, uliongea na nani? Mimi sikuwepo."

"Sauti ilikuwa yako. Nikamshukuru Mungu, nikalala usingizi."

Baadaye, akimsindikiza mwandishi mlangoni, Stanka alikiri kwamba huenda aliahidi kweli. Huenda wakati ule ndipo aliposema kilichokuwa moyoni. Au ilikuwa ni ile ngumi tu. Hajui, na hakuna wa kumuuliza.

Daktari wa Podgorica, mji mkuu, amemruhusu kurudi mazoezini. Rajko hamshurutishi, anamwambia tu kwamba mlango uko wazi. Kwa mama yake, Stanka ameomba shindano moja, ubingwa wa taifa mjini Bar mwezi Machi, halafu wazungumze. Mileva hajakubali wala kukataa. Amesema atakaa mstari wa mbele.

"Nikitolewa raundi ya kwanza, sawa," anasema Stanka. "Mtu akiniuliza ilikuwaje, nitamsimulia mwenyewe."