Bunduki Isiyotikisa Kalamu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu hili halikumpata rafiki wa binamu yangu. Lilinipata mimi mwenyewe, huko Garissa, wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali, alasiri jua likiwaka. Wengine mizimu yao huwatokea usiku. Wangu hakuwa na subira hiyo.

Nilikuwa kijana kutoka Voi, nimeajiriwa na kampuni iliyotafuta madini kwa ndege. Ndege iliruka chinichini ikipima usumaku wa ardhi, nami niliachwa vichakani, mbali kidogo na uwanja wa ndege, nikilinda mashine ya pili iliyopima usumaku huohuo pale chini. Kalamu yake ilichora mstari kwenye karatasi mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: chuma kisisogee karibu nayo. Amini usiamini, sajini mmoja alinijia na kisu kiunoni, kalamu ikaruka, na rubani akanifokea jioni nzima. Mimi mwenyewe suruali niliifunga kwa kamba.

Siku hiyo akatokea mwanamume mwembamba, kikoi kiunoni, bunduki begani. Shifta! Ningekimbilia wapi?

"Nibe maji, walaal," akasema.

Walaal ni ndugu kwa Kisomali, kwa hiyo nikapata tumaini kidogo. Nikampa kikombe cha maji. Akanywa, akataka kingine, kisha kingine, na midomo bado imekauka.

"Ndege yako natafuta nini?"

"Mawe tu, ndugu yangu. Mawe yaliyo chini ya ardhi."

"Uongo. Natafuta sisi." Akashusha bunduki begani. "Leo nabiga yeye."

Ndani ya ndege ile walikuwamo watu wawili, rubani na fundi wa mashine, na kila alasiri walipita juu yangu, chini kabisa, kabla ya kutua. Nilimsihi yule mtu. Nilimwapia. Nikamwambia fundi ana mtoto mchanga ambaye hajamwona bado, na ilikuwa kweli. Mngurumo ukaanza kusikika, naye akalenga angani.

Nikatazama kalamu. Mazoea tu, jamani. Mtu anataka kuua, mimi nawaza karatasi ya rubani isiharibike. Lakini mstari ulikuwa umenyooka. Umenyooka kabisa! Kisu cha sajini kiliurusha, na hapa bunduki nzima iko hatua mbili kutoka kwenye mashine, inageuzwa huku na huku, na kalamu haina habari. Nikajikuta nasema kwa sauti:

"Bunduki yako haina chuma."

Akanigeukia. Sijui nilitoa wapi ujasiri, lakini nikamweleza kama mwalimu wa darasa: chuma kikija, kalamu hii hutikisika, wewe umekuja, nayo haikutikisika. Ndege ikapita juu yetu na kishindo chake chote. Hakufyatua. Akakaa chini polepole, akaipakata ile bunduki.

"Basi mimi nimekufa?"

Akakitazama kikombe kitupu.

"Ndiyo maana kiu haiishi," akasema.

Akanishukuru kwa maji, akasimama, akapita nyuma ya mgunga mmoja mwembamba, wala hakutokea upande wa pili. Pale alipokaa, mchanga ulikuwa umelowa. Maji yote aliyokunywa yalikuwa pale.

Jioni rubani aliniuliza nilikuwa nampungia nani mikono, maana kutoka juu aliniona niko peke yangu. Fundi alipata likizo, akaenda kumbeba mwanawe, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa nimezeeka, na sitembei bila dira mfukoni. Watu hudhani naogopa kupotea. Nikikutana na mgeni mahali pa upweke, naitoa kwanza, nione kama chuma alichobeba kinaigeuza, ndipo namsalimu, nanyi nawashauri mfanye hivyo. Lakini si wageni wanaoninyima usingizi. Yule shifta alitembea, aliona kiu, alikasirika, alilenga shabaha, na muda wote huo hakujua. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, nashika kisu, nakisogeza karibu na dira na kusubiri sindano igeuke. Mpaka leo inageuka. Wewe je, umejipima lini?