Mama Koki na Matangi ya Ndege

Mteja akileta pampu mbovu dukani kwa Mama Koki, yeye haulizi imefanya nini. Anainusa kwanza. Anaiinua hadi puani kama mtu anayechagua tikiti, kisha anasema, "Hii umeitilia mafuta machafu," au, "Waya umeungua ndani." Wengine humcheka, lakini wakishaifungua pampu hunyamaza.

Pua hiyo ilifunzwa jeshini. Aliingia kikosi cha anga akiwa na miaka kumi na tisa, mwembamba kama fito, na wembamba huo ndio uliomchagulia kazi. Ndege ya kivita ina matangi ya mafuta tumboni na ndani ya mabawa, na kitundu cha kuingilia ni kidogo kiasi kwamba mwanamume mwenye mabega yake anakwama. Yeye alipita. Kwa miaka ishirini na moja alitambaa humo gizani akiziba nyufa na kufuta kuta, huku mwenzake amekaa nje ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwake, ili akizidiwa na harufu avutwe miguu mbele.

Siku moja, katika karakana ya jirani, fundi alichomelea tangi lililosemekana ni tupu. Mama Koki hapendi kulisimulia jambo hilo. Ukimbana sana atakwambia tu kwamba mlango wa karakana uliokotwa juu ya paa la bwalo, na kwamba yule fundi alikuwa ameazima kalamu yake asubuhi hiyo.

Alipostaafu alifungua duka la vifaa vya umwagiliaji: pampu, koki, na ile mipira myeusi yenye vitundu inayolazwa kando ya miche ili maji yadondoke shinani tone kwa tone. Koki ndizo zilizompa jina. Biashara haikuwa mbaya, ila ilikuwa na kikwazo kimoja: mipira hiyo inataka tangi lililoinuliwa juu, na tangi ndilo lililowashinda wakulima wengi. Walikuja, wakashika mipira, wakauliza bei ya tangi, wakaaga kwa adabu.

Ndiyo maana Jumatatu ile mdogo wake alipoingia dukani akichekelea, alikuwa na haki ya kuchekelea.

Huyu mdogo wake ni kitinda mimba. Mama Koki alimbeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, na mji mzima ulimwita Katibu, kwa sababu alikuwa katibu wa kampeni ya mfanyabiashara mmoja aliyegombea ubunge.

"Dada, kaa chini kwanza," alisema. "Jeshi limestaafisha zile ndege za zamani. Matangi yamepigwa mnada. Mheshimiwa kayanunua yote sitini."

"Matangi gani?"

"Yale yanayoning'inia chini ya bawa. Kama samaki hivi. Kila mkulima atapewa moja, na mipira, na koki. Na vyote vinatoka hapa kwako."

Mama Koki alisimama bila kujua kwamba amesimama. Kwa miaka tisa ya duka hakuwahi kuuza mipira ya mashamba sitini kwa mkupuo. Mchana huo huo walikwenda kwenye ghala la mgombea kuyaona.

Yalikuwa yamepangwa safu tatu, marefu, yamechongoka pande zote mbili, na aliyatambua kama mtu anavyotambua ndugu zake. Alilipapasa la kwanza ubavuni. Akafungua kizibo, akainama.

Alipoinua kichwa, furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Haya hayajaoshwa," alisema.

"Yamemwagwa, dada. Waliyainamisha mbele ya macho yangu."

"Ndani yana vikuta, vya kuzuia mafuta yasichezecheze ndege ikigeuka. Ukiliinamisha, mafuta yanabaki nyuma ya vikuta hivyo. Hapa panataka maji ya moto na sabuni, kisha mvuke wa siku nzima, kisha kukausha, ndipo nipime. Nipeni wiki tatu."

Katibu alicheka kwa wasiwasi. "Mkutano ni Alhamisi."

"Basi Alhamisi mgaweni kofia."

Waliachana vibaya kidogo. Jumatano asubuhi Katibu akarudi, safari hii na uso wa ushindi. Alfajiri ya jana Fundi Cheche, mchomeleaji anayejulikana mjini kote, alikuwa amekata matundu ya koki kwenye matangi manane. Hakuna kilichotokea. Manane hayo yalikuwa tayari mashambani, na mipira ambayo kijana mmoja aliinunua dukani kwake Jumanne bila kusema ni ya nini.

"Alikata saa ngapi?" aliuliza Mama Koki.

"Saa kumi na mbili. Kwani saa inahusu nini?"

"Kulikuwa na baridi. Mafuta ya ndege kwenye baridi yanalala. Unaweza kuyarushia kiberiti yakakizima. Chuma kikipata jua yanaamka, yanatoa mvuke, tangi zima linajaa. Hapo cheche moja inatosha. Mmeponea chupuchupu, na mnadhani mmeshinda."

"Watu wanaanza kuuliza uko upande gani," alisema Katibu polepole.

Saa sita mchana mgombea mwenyewe akaja, na vijana wawili waliobaki mlangoni wakiwazuia wateja kwa tabasamu. Alikuwa mtu mpole wa sauti. Alisifia duka, akasifia utumishi wake jeshini, akaegemea kaunta.

"Mama, hofu yako naielewa. Ila hofu ikisambaa sokoni inakuwa siasa. Na siasa ina watu wake. Leseni yako inaisha lini?"

"Mwezi wa nane, Mheshimiwa."

"Tuombe uzima," alisema, akaondoka.

Jioni Mama Koki alimfuata Cheche kwenye kibanda chake. Cheche alikuwa mtu wa utani, mikono yake imejaa makovu madogo ya moto kama madoa ya chui, na hakumvunjia heshima. "Mama, mimi nimechomelea mapipa ya mafuta ya taa kabla sijaota ndevu. Lakini kwa ajili yako, kesho nitalijaza tangi maji kabla ya kulikata. Maji yakijaa, mvuke utakaa wapi? Umeridhika?"

Aliridhika nusu. Nyumbani mumewe, mwalimu mstaafu, alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Umeshasema kwa wote watatu. Sasa lala." Akalala, lakini usingizi ulikuwa wa vipandevipande.

Alhamisi, saa saba na nusu mchana, gari la matangazo likapita mbele ya duka. Mama Koki alikuwa anakata mpira wa mteja. "Njooni mjionee!" spika zilinguruma. "Leo saa nane, mbele ya macho yenu, tangi la ndege ya vita litakatwa jukwaani na kutiwa koki ya maji! Laivu!"

Mkasi ulimponyoka mkononi. Saa nane, jua la utosi. Jukwaani, pasipo bomba la maji la kujazia chochote. Alimwacha mteja na mpira wake, akamwambia jirani wa duka la rangi amwangalizie mlango, akaondoka mbiombio.

Uwanja ulikuwa umefurika. Tangi lilikuwa juu ya jukwaa, limelazwa kwenye vigogo viwili, tena walikuwa wamelipaka rangi nyeusi ya chama, na lilikuwa limeanikwa hapo tangu asubuhi. Hewa juu yake ilikuwa inatetemeka kwa joto. Watoto wa shule walikuwa wamekalishwa chini, mstari wa mbele kabisa, na bendera ndogo mikononi.

Alijipenyeza hadi kwenye kamba. Kijana wa ulinzi akamtambua.

"Mama, wewe rudi nyuma."

"Mwanangu, waondoe hawa watoto."

"Nimesema rudi nyuma. Tumeambiwa kuhusu wewe."

Jukwaani mgombea alikuwa ameshika kipaza sauti. Ndege iliyobeba vita sasa itabeba maji, alisema, na watu wakashangilia. Cheche alikuwa amevaa ovaroli jipya, grainda mkononi, waya wake umetambaa nyuma ya jukwaa kwenda kwenye jenereta. Hakukuwa na ndoo hata moja ya maji. Mama Koki alipiga kelele kumwita. Muziki ulimeza sauti yake.

Ndipo akamwona Katibu, amesimama kando ya jenereta na karatasi za ratiba, jasho likimchuruzika. Akazunguka nyuma mbio, akamshika mkono.

"Limejazwa maji?"

"Dada, si sasa."

"Nijibu. Limejazwa?"

"Lingekuwa zito, vijana wasingeweza kulipandisha." Akazikunja karatasi za ratiba. "Cheche alisema tundu ni dogo tu, dakika moja."

"Umeligusa hilo tangi?"

Katibu alitazama kiganja chake. Alikuwa ameligusa, na lilikuwa limemuunguza.

Mama Koki hakumsihi tena. "Nimekulea," alisema. "Sijawahi kukudanganya hata kuhusu dawa chungu." Akamwachia mkono, akaanza kupanda ngazi za jukwaa.

Vijana wawili walimdaka kwenye ngazi ya tatu. Mmoja alimshika kiuno, mwingine mkono, na kanga yake ikaanguka. Watu wa mbele walicheka, wakadhani ni mlevi. Mgombea alimwona, akageuza mgongo kidogo ili watu wasimwone vizuri, akasema kwenye kipaza sauti, "Fundi, kazi!" Grainda ikalia. Cheche akainama juu ya tangi, diski inazunguka, upana wa kiganja kutoka kwenye chuma.

Kisha kila kitu kikanyamaza.

Muziki ulikatika katikati ya neno. Kipaza sauti kilikufa. Grainda ilishuka sauti, ikaguna, ikasimama. Nyuma ya jukwaa Katibu alikuwa ameinamia jenereta, mkono wake bado uko kwenye swichi, amefumba macho.

Uwanja mzima ulikuwa kimya kiasi cha kusikia bendera zikipepea. Katika kimya hicho sauti ya Mama Koki, bado ameshikwa, ilifika bila kipaza chochote.

"Cheche! Fungua kizibo, unuse!"

Cheche alimtazama mgombea. Mgombea alitikisa kichwa, hapana, na midomo yake ilikuwa inasema jambo kwa haraka. Cheche akamtazama Mama Koki. Akaweka grainda chini, mbali na tangi, akakifungua kizibo kwa kitambaa kwa sababu ya joto. Kikatoa mluzi, kama soda. Hakuhitaji hata kuinama. Alirudi nyuma hatua nne, akajikwaa kwenye kiti cha Mheshimiwa, akashuka jukwaani bila kuaga mtu.

Jenereta iliwashwa tena baada ya dakika chache na mtu mwingine. Mgombea akasema wapinzani wamejaribu kuharibu mkutano kwa kumtumia mama mzima, na watu wakazomea. Walimzomea Mama Koki hadi barabarani. Hakuna kilicholipuka, kwa hiyo hakukuwa na la kumtetea. Alitembea hadi nyumbani kichwa wazi, na mumewe akamfungulia mlango. Aliketi pale pale kwenye ngazi.

Kesho yake asubuhi Cheche alitokea dukani hana nyusi.

Alikuwa amekwenda uwanjani kuchukua zana zake, akafungua kizibo cha chini cha lile tangi, cha kumwagia mafuta, ikatoka karibu nusu ndoo. Akamimina kidogo kwenye karai, akaliacha juani kwa saa nzima, kisha akasogeza njiti ya kiberiti iliyowaka. "Kidogo tu, mama," alisema, akigusa paji la uso. "Kidogo hivi." Kisha akaanza kulia, mtu mzima yule, akikumbuka wale watoto na bendera zao.

Mgombea alishinda. Katibu alifukuzwa siku ile ile ya mkutano, na ilikuwa wiki mbili kabla hajaja kwa dada yake. Wakaguzi walikuja dukani wakakuta kasoro ambazo hawakuziona miaka tisa, duka likafungwa mwezi mzima. Siku lilipofunguliwa, alikuja mtu asiyejitambulisha, akasema kuna matangi hamsini na mbili ghalani na kuna bosi angependa yaoshwe, kimya kimya, bila jina la mtu yeyote.

Mumewe alimwambia akatae. Hata Katibu alimwambia akatae.

"Nikikataa watayagawa hivyo hivyo," alisema. Akawaita Katibu na Cheche, akawapa glavu, akawafundisha. Walifanya kazi wiki tano, yeye akipima kila tangi mara mbili na kipimo cha mvuke alichoazima kwa mwenzake wa zamani jeshini.

Yalibaki yale manane yaliyokwishagawiwa. Waliyatafuta moja moja kwa mkokoteni wa kukodi. La mwisho lilikuwa kwa mjane mmoja mkulima wa nyanya, aliyewapokea na jembe mkononi.

"Mipira yako imeniulia miche," alimwambia Mama Koki. Miche ilikuwa imekunjamana kweli, na juu ya matope palielea utando wenye rangirangi.

"Si mipira, mama. Ni tangi. Tumekuja kulichukua tulioshe. Na miche nitakuletea mingine."

Mjane alimgeukia Katibu, akamkazia macho. "Wewe si ndiye uliyelileta na gari la muziki?"

"Ndimi."

"Na leo unalichukua?"

"Nitalirudisha Jumamosi," alisema Katibu, ameinamisha uso. "Bila muziki."

Jumamosi walilirudisha, limekauka. Mama Koki aliunganisha mipira mwenyewe, magoti kwenye matope, huku mjane amemsimamia kichwani akiuliza kila koki ni ya kazi gani, naye akimjibu moja baada ya nyingine.